Siku Tulipompeleka Wafula kwa Daktari wa Bima

Mtu asidhani tulienda mjini kutembea. Tulienda kuwaonyesha watu wa bima kwamba ndugu yangu hawezi kwenda mjini. Ndiyo, hivyo hivyo. Marobota ya pamba yalimwangukia Wafula kiwandani, shingo ikavunjika, na tangu hapo mikono na miguu yake ni ya kubebewa tu. Hospitali walitaka kumwona mara mbili kwa wiki kwa sababu ya vidonda vya mgongo. Walituambia wazi, akikosakosa vitafika kwa mfupa, na hapo tutamzika. Bima ya kiwanda ilikuwa na gari la wagonjwa. Lakini kulipata, lazima daktari wao amwone kwanza kwa macho yake, ofisini kwake, ghorofa ya kwanza. Nilimwuliza karani kama huyo daktari hana miguu. Akaniambia nirudi nikiwa na adabu.

Nyumbani Mbotela, saa kumi na mbili asubuhi. Teksi tulikuwa tumejaribu jana yake. Dereva alimwangalia Wafula akasema huyu atamfia kwa kiti. Kwa hivyo nikaamsha jirani yetu Kamau, mwenye mkokoteni wa kubeba viazi sokoni. Nikirudi ndani, napata Mama amemvalisha Wafula suti, tai, nywele zimechanwa, mafuta yanang'aa usoni mpaka unaweza kujiona. Viatu vimepigwa rangi, na ni vya mtu asiyekanyaga. Nikamwambia Mama hatuendi harusi. Akanijibu kwamba kwetu mgonjwa hatolewi nje kama gunia, watu watasema hana wenyewe. Akamfunga kwa kiti na leso mbili, moja kifuani, moja kiunoni, akafunika na koti zisionekane. Kiti tukakifunga juu ya mkokoteni.

Jogoo Road, saa moja na nusu. Kamau anavuta mbele, mimi nasukuma nyuma, Mama anatembea kando ameshika shingo ya Wafula isiyumbe. Kwa kituo cha basi jamaa mmoja akauliza huyu ni mbunge wa wapi. Watu wakacheka. Nikaanza kumweleza huyo jamaa habari za mama yake, lakini Wafula akanikata.

"Nekesa, wewe wapungie tu. Mimi mikono yangu iko likizo."

Nikawapungia. Kamau akacheka mpaka mkokoteni ukapinda, dereva wa lori akatupigia honi, na yeye pia nikampa yake. Kamau akaniomba niweke pumzi ya kusukuma.

Mjini, saa tatu na kitu. Askari wa mlango alikataza mkokoteni kusimama mbele ya ofisi. Tulimwacha akiongea. Kamau na wapiga viatu rangi wawili wa hapo nje wakainua kiti na mtu wake mpaka juu, Mama akiwaambia kila ngazi, pole pole, wanangu.

Daktari alikuwa mtu wa miwani, hakuinuka. Alimtazama Wafula kama mtu anayetazama saa, akaanza kuandika.

"Anakaa vizuri," akasema. "Msafi. Huyu anaweza kupanda basi."

Jameni. Wiki nzima nilikuwa nimepanga maneno, na nikayamwaga yote. Nilimwambia hiyo miwani anunue nyingine. Nilimwambia ashuke ajaribu yeye kupanda basi bila mikono. Akashika simu kuita askari, na mimi nikashika meza.

"Nekesa, nyamaza," Wafula akasema. "Nifungue."

Mama akanishika mkono. "Usimfungue mbele ya watu."

"Mama, anifungue, ama mnizike na hii tai."

Nikafungua koti. Mafundo ya Mama yalikuwa magumu, vidole vyangu vikakataa, la pili nilitoa na meno. Leso ilipoachia, Wafula akaanguka mbele, mzima mzima, uso juu ya zile karatasi za daktari. Koti likapanda mgongoni, na harufu ya vidonda ikatoka. Daktari aliruka akamshika mabega, na nadhani ni hapo alipojua kwamba hakuna kitu ndani kinachomshikilia.

Sauti ikatoka chini, kwenye makaratasi. "Daktari, ni basi namba ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Daktari alitusaidia kumrudisha, akachana alichoandika, akaandika upya, muda mrefu. Gari, kila Jumanne na Ijumaa.

Tulirudi mchana na mkokoteni ule ule, kwa sababu Jumanne ilikuwa bado. Safari hii tulimlaza kwa magunia ya Kamau, tai mfukoni. Tulipokaribia nyumbani Mama akaanza.

"Nilitaka waone ana watu."

"Waliona, Mama," Wafula akasema.

Mimi nilikuwa nafikiri mdomo wangu ndio silaha ya nyumba yetu. Siku hiyo nilijua kuna mahali haufiki, na kwamba mtu anaweza kushinda kwa kuanguka tu, kama ana roho ya kuanguka mbele ya mama yake.

Jumanne gari lilikuja. Dereva akasimama mlangoni akasoma karatasi kwa sauti: hawezi kukaa, hawezi kusimama, hawezi kujigeuza. Mama alikuwa hajawahi kuyasikia yote yakisemwa pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndiye huyo," akasema. "Ingia umchukue."