Ng'ombe Kwanza, Wenyewe Watafuata

Saa tatu asubuhi, Janeffer Chepkemboi anamimina maji ya kipima mvua kwenye bilauri ya vipimo, anainama, anasoma. Milimita sabini na mbili. Anasoma tena, kana kwamba bilauri itajirekebisha.

Anampigia simu Gordon Amolo, afisa wa majanga wa kaunti.

"Amolo, mlima umeshiba maji, na mchana kuna mvua nyingine. Unaweza kuporomoka."

"Madam, usinipe asilimia. Nihamishe watu ama niwaache?"

"Hamisha. Kabla ya saa tisa."

Kusema ni rahisi. Chini ya mlima huo, nje kidogo ya Kipkelion, kuna familia kumi na tisa ambazo mtaalamu huyu wa hali ya hewa alizihamisha Aprili. Walilala sakafuni shuleni siku mbili, na nje likawaka jua la kukausha mahindi. Tangu hapo wanamwita Mama Jua.

"Mama Jua amekuja!" anaita Gogo Jerusa, bibi wa miaka sabini na moja, kikapu cha majani chai mgongoni. "Leo tuanike nini?"

"Anika blanketi, Gogo, lakini kule uwanja wa shule."

Shamba zima linacheka. Amolo anasihi, anaonya, jasho linamtoka. Hakuna anayesogea.

"Wewe mtoto wa ziwani," Jerusa anamtania, "unaogopa maji?"

Chepkemboi anasogea zizini. "Gogo, naweza kukosea tena. Lakini nikiwa sawa, huyu ng'ombe aliyefungwa atakimbilia wapi?"

Jerusa anamtazama ng'ombe wake. Anamtazama sana.

"Nitampeleka yeye. Mimi sihami."

"Sawa. Peleka yeye tu."

Majirani wanamwiga, na kufikia saa nane ng'ombe thelathini na wanne wanatafuna nyasi za uwanja wa shule. Na saa ya kukamua ikikaribia, nani atamwachia jirani ng'ombe wake? Wenyewe wanafika mmoja mmoja, ndoo mkononi. Jerusa ndiye wa mwisho, akinung'unika.

Mvua inapiga saa tisa na nusu. Saa kumi na moja mlima unaporomoka na kubeba jiko la Jerusa na robo ekari ya chai yake. Amolo anahesabu watu mara tatu. Wote themanini na saba wapo.

"Jiko nitajenga," Jerusa anasema akikamua. "Lakini wewe msichana, usianze kujivuna."

Chepkemboi na Amolo sasa wana mpango mpya: onyo litoke mapema kabla ya saa ya kukamua, na malisho ya ng'ombe yaandaliwe kabla ya madarasa ya kulala watu.

"Nitakosea tena, hiyo haikosi," anasema Chepkemboi. "Ninachotaka ni siku hiyo wanicheke wote themanini na saba, asipungue hata mmoja."