Fundi Timazi na Samaki wa Shimoni

Walimwita Timazi, kama ile kamba yenye kizito ya kupimia ukuta usimame wima, kwa sababu hakuwahi kupitisha ukuta uliopinda hata kwa unywele mmoja. Alijenga miaka thelathini na tisa, magoti yakaanza kulalamika, akabaki na vibarua vidogovidogo. Ndivyo alivyofika kwenye nyumba ya maonyesho ya samaki, kuziba ufa wa ukuta wa nyuma.

Alimkuta mtunza samaki, binti mchangamfu, ameinamia tangi moja, mikono kiunoni.

"Kuna nini, binti yangu?"

"Huyu mgeni, Mzee. Wiki nzima hana raha. Kwao huishi mchangani karibu na miamba, ndani ya shimo lake. Hapa kila akichimba, linabomoka."

Timazi akasogea. Samaki mwenyewe hakuzidi kidole: kichwa cha manjano, mwili wa samawati iliyofifia, macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini, na mdomo! Mdomo kama koleo. Aliuzamisha mchangani, akachota, akatema pembeni. Mchanga ukateleza, ukarudi shimoni.

"Mnamwonea bure," Timazi alisema. "Mmempa mchanga wa lipu, tena kiduchu. Ukuta utasimama na nini? Mpeni kokoto."

Binti alicheka, lakini akakubali. Waliongeza mchanga ukafika shubiri, wakachanganya vijiwe vya kila ukubwa na vipande vya kombe.

Samaki hakungoja kuambiwa. Alibeba jiwe mojamoja mdomoni, akalipachika. Lisipokaa sawa, alilitoa. Timazi akasahau ufa wake.

"Ona, ona! Anachagua!"

Kufika adhuhuri shimo lilikuwa limesimama, mwenyewe akielea wima juu yake. Binti alipopunga mkono, akatumbukia kinyumenyume, mkia kwanza.

Miezi miwili baadaye binti alimpigia simu. Timazi alikwenda na mkewe. Samaki walikuwa wawili sasa, maana binti alimletea mgeni wake jike, na mmoja alikuwa amejaza mayai mdomoni hata haufungiki.

"Huyo ndiye baba," binti alieleza. "Anayatunza mpaka yaanguliwe. Hali kitu."

Mke wa Timazi akamgeukia mumewe polepole. "Baba watoto, umesikia? Hali kitu."

"Nimesikia, mama."

"Wewe nilipojifungua ulimaliza sufuria nzima."

Timazi alicheka hadi akashikilia kioo. Walirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya sita mdomo ulikuwa mtupu, na vitoto vyembamba kama nyuzi vilielea kwenye beseni alimovihamishia binti.

Mke wa Timazi akainama hadi pua ikagusa kioo cha tangi.

"Hongera, baba," alimwambia samaki. "Sasa kula."