Nyasi za Jikoni kwa Mama

Harufu ya ulanzi uliochachuka hunirudisha upesi kwenye kilima cha kijiji chetu, njia ya kwenda Igowole, masika ile ya miaka ya hamsini tulipojenga shule. Kwetu watu walialikana kazini kwa ulanzi, na pombe hiyo ya mianzi hugemwa wakati wa mvua. Basi hakuna aliyefikiria kungoja kiangazi. Wanaume walisimika miti, wanawake wakakandika udongo wakiimba, sisi watoto tukiukanyaga hadi magotini. Siku nilipoona kuta zote nne zimesimama, nilishindwa kufumba mdomo. Sikujua kwamba nyumba inaweza kuwa ndefu namna ile.

Ndipo jumbe wa kijiji akauliza, "Haya, nyasi ziko wapi?"

Watu wakatazamana. Nyasi za kuezekea hukatwa zikikauka. Bondeni wakati ule zilikuwa mbichi, zinadondosha maji.

"Paa tumelinywa!" akasema shangazi, watu wakaangua kicheko.

Jumbe hakucheka. Mwalimu angefika Jumatatu, na asipokuta paa angepelekwa kijiji cha ng'ambo ya mto. Baba alikwisha sema: mtoto wake wa kike havuki mto ule.

Mama alishuka kilima, akaegemeza ngazi kwenye jiko letu, akaanza kung'oa nyasi kavu za paa.

"Mama Debora, umerukwa na akili? Na mvua hii!"

"Pokea huku, Baba Debora. Utapiga kelele baadaye."

Baba akapokea. Shangazi akaona, akaenda kufumua kwake. Hadi Jumamosi jioni, ukisimama kilimani uliona mapaa ya kijiji kizima yamepungua, na mstari wa watu wakipanda na mizigo ya nyasi nyeusi kwa masizi.

Mwalimu alipoingia alinusa hewa. "Mbona shule inanuka moshi?"

"Shule mpya ndivyo zinavyonuka, mwalimu," akajibu jumbe, macho makavu.

Masika yote jiko letu lilivuja. Mvua ikianza asubuhi, mama alinisukuma mlangoni: "Nenda, Debora, ukakae pakavu." Nilidhani amechoka kunikuta miguuni pake. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba kila asubuhi alikuwa akinipeleka chini ya paa lake.