Nilipewa Mlango wa Kukalia, Nikaenda Kangeta

Makosa ni yangu. Sitaki mtu aniambie eti ni shetani au ni ujana. Asubuhi ile nilitoka bila mpango wowote, na biashara ya mtu ikaanza kufa hapo hapo.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliacha darasa la saba, kwa sababu kila aliyepita barabarani nilitaka kujua anaenda wapi. Nimefanya vibarua Embu, Chuka, Maua, hata Isiolo. Mwisho nikaangukia kwa mama mmoja wa Meru, nitamwita Mama Kendi.

Alikuwa na kampuni ndogo ya kuangua vifaranga. Unaleta mayai ya kuku wako wa kienyeji, anayaweka kwenye mashine, baada ya wiki tatu unakuja kuchukua vifaranga wako. Wateja wengi walikuwa akina mama wa vijijini, watu ambao yai si mchezo kwao. Mtu anayaweka bila kuyala wala kuyauza, na watoto wanayaangalia tu.

Ofisi ilikuwa chumba karibu na soko la Gakoromone. Shida ilikuwa stima. Ikipotea, mashine inapoa, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya jenereta. Mama Kendi akapata chumba Makutano, upande mwingine wa mji, ambako stima haipotei ovyo. Tukahama na mayai ndani ya mashine, pikapu ikienda polepole kama tumebeba uji kwenye kikombe.

Mwenye nyumba wa zamani akakasirika, akang'oa kibao chetu. Basi Mama Kendi akaniita.

"Sikiza, kijana. Hawa mama wengine hawana simu, na wiki hii ndiyo wanakuja kuchukua vifaranga. Mimi siwezi kuacha mashine. Wewe kaa pale mlango wa zamani. Akija mtu, mlete huku."

"Nikae tu?"

"Ukae tu! Kwani kukaa ni ngumu?"

Ngumu! Jamani, sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Ningebebeshwa mawe ningeshukuru.

Siku ya kwanza nilikaa. Siku ya pili asubuhi, dereva wa pikapu ya miraa, ile mirungi ya kutafuna, akasimama hapo kunywa chai, akirudi Kangeta bila mzigo. Nikamuuliza kama ni kweli miraa ikichumwa lazima iondoke siku hiyo hiyo. Akanicheka.

"Mtu mzima hivi na hujaona soko la Kangeta? Panda. Saa nane utakuwa umerudi."

Nikaokota kipande cha chaki, nikaandika mlangoni: TUMEHAMA. Sikuandika wapi! Nilijiambia nitarudi kabla mtu hajasoma.

Kangeta ilinimeza. Niliwatazama watu wakichambua miraa, wakiifunga, wakiizungushia majani ya mgomba, mikono haishikiki kwa macho. Mzee mmoja akaniambia, "Usiulize sana, shika ujaribu." Nikashika. Giza likaingia nikiwa bado nauliza. Kesho yake vilevile. Simu ilikuwa imezima chaji, na wala sikutafuta pa kuichaji.

Siku iliyofuata, nikiwa kwenye kibanda cha chai, muuza ndizi mmoja akamwambia mwenye kibanda:

"Umesikia wale wa mayai huko Meru? Wametoroka! Dada yangu alienda kuchukua vifaranga, akakuta kufuli. Wameandika eti wamehama."

"Wameaga?" mwenye kibanda akacheka. "Hao ni wezi wenye adabu!"

"Wewe cheka. Ni mayai ya miezi hayo."

Hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Kwetu, ofisi ikifungwa bila maelezo, watu hawaulizi mara mbili. Tumeliwa sana na matapeli. Ningesema tu, "Mama, hawajatoroka, wako Makutano, mimi ndiye niliyeacha mlango." Nilinyamaza! Niliogopa kuchekwa. Nikamaliza chai yangu, hata nikaongeza mandazi.

Nilirudi jioni hiyo. Mlango wa zamani ulikuwa umevunjwa kwa mawe. Kule Makutano niliwasikia vifaranga kabla sijafika. Boksi juu ya boksi, wakilia, na wenye mayai hawajaja. Baridi ya Julai mnaijua. Mama Kendi alikuwa amewasha jiko kila kona, macho mekundu kwa moshi na kukesha. Waliokufa alikuwa amewaweka kwenye karai nje.

"Ulikuwa wapi?"

"Kangeta."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Kuangalia," akarudia. "Nilikupigia mpaka kidole kikauma. Leo nimeitwa kwa chifu kama mwizi, na wewe ulikuwa unaangalia."

Chifu alileta akina mama waliolalamika kesho yake, wakaona wenyewe kwamba hakuna aliyetoroka. Waliokuta vifaranga wao hai waliwachukua. Waliokosa walimtukana Mama Kendi, naye akawaahidi wa awamu ijayo. Mimi nilisimama pale nikiungama kwa kila mmoja. Mama mmoja alinipiga kwa kiondo, na nilistahili!

Lakini awamu ijayo haikuwepo. Hakuna aliyeacha yai hata moja. "Asante, nitamwachia kuku alalie mwenyewe," ndivyo walivyosema. Hata kanisani kwake walikuwa bado wananong'ona. Nilizunguka vijijini nikieleza ukweli, wakanisikiliza vizuri, wakanipa chai, mayai wakabaki nayo. Uongo ulikuwa umefika kabla yangu. Mwishowe aliuza mashine. Ile stima ya Makutano aliyoihamia sasa inawashia kinyozi.

Hakunifukuza. Kazi ndiyo iliyokwisha.

Nikaondoka tena, nikafika Runyenjes wakati wa kuchuma kahawa. Nilipata chumba nyuma ya duka moja. Mwenye nyumba, mama mkali, akataka kwanza mtu wa kunithibitisha. Nilifikiria kila mji niliopita. Mtu aliyenijua vizuri alikuwa mmoja tu. Nikampa namba, akapiga simu mbele yangu, sauti ikasikika wazi.

"Huyo? Haibi," Mama Kendi akasema. "Halewi, na hana matusi. Mpe chumba. Lakini mama, usimwachie mlango."

Nilipewa ufunguo. Nilikaa kitandani nikashindwa hata kuvua viatu.

Ndugu yangu, ukipewa kazi ya kukaa tu, usiidharau. Na ukishakosea, ukasikia mwenzako akichafuliwa jina mbele yako, weka kikombe chini useme. Sema siku hiyo hiyo, hata wakikucheka!