Mgongo wa Kusomea

Likizo ya Aprili mwaka 1969, kila asubuhi baada ya umande kukauka, Mokeira binti Zachariah wa Gesima alimlaza babu yake kifudifudi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akamvua shati, akaanza kumtafuta mifupa. Alipapasa pingili za uti wa mgongo moja baada ya nyingine akizitaja kwa sauti. Mzee Nyamweya alikuwa na mbavu zenye kutekenyeka upesi, kwa hiyo somo lilijaa vicheko na kikohozi.

"Taratibu, mke wangu," alisema mzee. "Mifupa hii nataka nizikwe nayo yote."

Msishangae kusikia mzee akimwita mjukuu mke. Kwa Wagusii, babu na mjukuu ni watani. Wanatukanana, wanaibiana mahindi ya kuchoma, na babu akizeeka mjukuu humwogesha bila mtu kuona ajabu. Baba na mtoto ndio wenye mpaka. Mpaka huo huitwa ensoni, na ni mkali. Baba haingii chumba anacholala binti yake, binti hataji mambo ya mwili mbele ya baba, na kumwona baba bila nguo za juu ni aibu inayobaki nyumbani kama moshi kwenye paa. Ndiyo maana Mokeira alisomea mgongo wa babu, ingawa mgongo wa baba yake, uliokuwa ukimsumbua tangu apande chai, ungekuwa na mengi zaidi ya kumfundisha.

Majirani nao hawakulala. Ilivuma kwamba binti wa Zachariah amekuwa omobari, yaani mmoja wa wale waganga wa Kigusii wanaofungua fuvu la kichwa kutoa maumivu. Mama mmoja, Nyamusi, alikuja na kuku kwapani akaketi chini, akainamisha kichwa na kumwambia achague mahali pa kukata. Mokeira alimpa maji ya kunywa na kumrudishia kuku wake. Nyamusi aliondoka amenuna, akisema siku hizi wasomi wana maringo.

Ukweli ni kwamba Mokeira alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya wasichana, aliyehitimu Makerere, na tamaa yake ya udaktari ilikuwa imemkaa rohoni tangu utoto. Shuleni hakukuwa na kiunzi cha mifupa cha kufundishia, basi alimchemsha mbuzi mzima hadi nyama ikaachana na mifupa, akaiunganisha mifupa kwa waya na kumsimamisha mbuzi huyo mezani. Siku Daktari Pruitt alipokuja kupima wanafunzi, alimkuta mbuzi. Alimzunguka kama mtu anayetaka kumnunua, kisha akauliza ni nani aliyemtengeneza.

Pruitt alikuwa Mmarekani mwenye zahanati ya kanisa upande wa Itumbe, naye alikuwa daktari wa namna ambayo huku haikujulikana. Kwao waliitwa madaktari wa osteopathi. Alidunga sindano na kutoa vidonge kama wengine, na palipohitaji kisu alishika kisu, lakini kabla ya hayo yote alimkalisha mgonjwa na kumpapasa shingo, mgongo na nyonga, akitafuta kwa vidole mahali palipokaza. Watu walimpenda kwa hilo. Daktari anayekugusa ni tofauti na anayekuandikia karatasi bila kuinua macho.

Ndiye aliyemwambia Mokeira kwamba chuo alichosomea yeye kinapokea maombi. Akamweleza jinsi anatomia inavyofundishwa kule, na Mokeira alisikiliza mdomo wazi. Asubuhi wanafunzi wanne huzunguka maiti mmoja, na mwaka mzima hubaki na huyo huyo, wakimfunua msuli kwa msuli mpaka wamjue kuliko walivyojuana wao. Mchana huingia chumba cha pili, wakavua mashati na kupeana migongo. Kile walichokiona kwa macho asubuhi, sasa wakitafute kwa vidole chini ya ngozi ya mtu anayepumua. Mwalimu hupita akiweka mkono wake juu ya mkono wako, akiuliza unasikia nini hapo. Mitihani mingine hufanywa mwanafunzi amefungwa kitambaa machoni.

Vyeti Mokeira alikuwa navyo, vya kemia, fizikia na biolojia. Alichokosa ni neno la daktari wa osteopathi aliyemwona kwa macho yake akishika mwili wa mtu. Kisii nzima daktari wa namna hiyo alikuwa mmoja, naye alikuwa anakwenda kwao mapumzikoni mwezi wa Mei. Chuo hakingemngoja mtu. Bila neno la Pruitt, mwalimu Mokeira angebaki na mbuzi wake.

Pruitt aliahidi kuja Gesima Jumapili kumwona mwombaji nyumbani kwao. Mokeira akamwandaa babu yake kama anayeandaa fahali wa maonyesho. Alimkata kucha, akamfulia shati ambalo angelivua, na kumwonya asicheke. Lakini Ijumaa habari ikaja kwamba binamu wa mzee huko Nyamache amefariki, na mzee wa ukoo hakosi matanga. Nyamweya alichukua fimbo yake.

"Mwambie mzungu," alisema, "mifupa aliyoifuata imekwenda kuzika kwa miguu yake yenyewe."

Jumapili ikafika na Pruitt akafika. Zachariah alimpokea kwa suti yake ya kanisani. Walikuwa marafiki hawa wawili, wazee wa kanisa la Wasabato wote wawili, wakiitana Ndugu Zachariah na Ndugu Pruitt, na mara nyingi walibishana kuhusu chai kwa vicheko, maana Zachariah aliilima na kuiuza, lakini kwa ajili ya imani hakuionja. Mama yake Mokeira, Orpah, alileta maziwa moto na ndizi za kuchemsha. Wakala, wakaomba, kisha daktari akasema anataka kuona mikono ya mwalimu ikifanya kazi. Mokeira akaeleza kuhusu matanga. Akasema angeweza kumwita rafiki yake Loice wa ng'ambo ya kijito. Pruitt akakataa. Alitaka mgongo uliofanya kazi, mgongo wenye shida ndani yake, na tangu aingie alikuwa amemwona mwenye nyumba akishika kiuno kila anapoinuka.

"Baba yako huyu hapa," alisema kwa Kiswahili chake kizuri cha kujifunza. "Nionyeshe kwake."

Orpah aliangalia kikombe chake. Pruitt alikuwa ameishi Kisii miaka kadhaa, lakini mambo ya ensoni hayaandikwi popote, na mtu haulizi asichokijua kuwa kipo. Alidhani rafiki yake anaona haya ya kawaida tu. Akataka kumtia moyo, tena kwa methali, kwa kuwa alijivunia sana methali zake.

"Usiogope, Ndugu Zachariah. Mficha uchi hazai."

Methali ni ya haki kabisa na wenyewe huitumia kila siku. Ila kulitaja neno hilo mbele ya baba na binti yake waliokaa chumba kimoja, hapo ndipo Orpah alipoinuka akasema maziwa yanafurika jikoni. Maziwa yalikuwa yameshatoka motoni zamani. Walimsikia huko nyuma akijiziba mdomo, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

Mokeira alimtazama baba yake. Mkono wa Zachariah ulikuwa umekwenda kwenye kifungo cha koti. Haukufungua, ulisimama pale tu juu ya kifungo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba. Mokeira akaelewa kwamba angelivua. Kwa ajili yake angelivua, na baada ya hapo wasingeweza kutazamana tena. Moyo wake uliuma. Alikiogopa kifungo kile kuliko alivyoogopa kuikosa Marekani.

"Tata, hapana," alimwambia baba yake. Kisha akamgeukia mgeni. "Daktari, siwezi. Kama ni lazima uandike hivyo, andika."

Pruitt hakukasirika, lakini alikuwa amekuja kumpima, na swali lililobaki lilikuwa la haki. Akauliza: kule chuoni watampa maiti, na huenda akawa mwanamume wa rika la baba yake. Je, ataliambia darasa kwamba hawezi?

Mokeira hakuhitaji kufikiri.

"Mdogo wangu Obwocha amepewa jina la marehemu baba yake mama," alisema. "Mama hakuwahi kumwona babake bila koti. Lakini kila jioni anamwogesha Obwocha, anamsugua mgongo, akimwita kwa jina la babake. Kwetu aliyekufa anarudi akiwa mtoto. Maiti huyo nitamshika, nitamwosha, nitamjua mfupa kwa mfupa. Ensoni ni ya walio hai."

Daktari aliitikia kwa kichwa polepole, akasema jibu hilo atalipeleka kwao kama lilivyo. Lakini neno lake lilihusu mkono, na mkono wenyewe hajauona. Basi akaanza kufungua vifungo vya shati. Kama mgongo wa baba haushikiki, alisema, ashike wa kwake, ambao nao umeona mengi.

Mokeira hakusogea. Aliona haya kumweleza, lakini alimweleza. Yeye na baba yake wanaitana ndugu, tena kanisani, mbele za Mungu. Ndugu wa baba ni baba. Mgongo wake na ule wa Zachariah ni mgongo mmoja.

Hapo mzungu akaketi. Kila mlango aliogusa ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Zachariah akasimama.

"Daktari, wewe ulizaliwa mwaka gani?"

Pruitt akasema ni 1924.

"Mimi ni 1917. Nimekutangulia. Lakini kwetu hata mtoto wa kunyonya anaweza kuwa baba yako, kama hesabu ya ukoo inasema hivyo, na wewe unamheshimu. Sasa sikiza. Kutoka leo wewe si ndugu yangu. Wewe ni Tata." Akainamisha macho, jinsi mtu anavyoinamisha mbele ya baba mzazi. Kisha akamwambia binti yake bila kumtazama, "Mokeira, huyu ni babu yako. Shika mgongo wa babu yako."

Akatoka nje. Ilimpasa kutoka, kwa sababu mtoto hasubiri kuona baba yake akivua shati.

Pruitt alivua. Mokeira alifumba macho, akaweka vidole penye shingo na kuanza kushuka. Alitaja kila alichokipita: mtulinga, kombe la mkono, mbavu. Chini ya kombe la kulia akasimama. Palikuwa pamekaza kama kamba ya kufungia ng'ombe, na ubavu haukuinuka vizuri mtu akivuta pumzi. Akauliza kama aliwahi kuanguka. Pruitt akasema alirushwa na farasi alipokuwa kijana, shambani kwao.

"Sokoro," alisema Mokeira, yaani babu, na kwa kuwa sasa alikuwa mjukuu wa halali, ulimi wake ukapata ruhusa, "huu mgongo ni mzee kuliko wa mume wangu wa kwanza."

Huko jikoni sufuria ilianguka, na safari hii hapakuwa na shaka kwamba Orpah anacheka. Daktari alicheka mpaka mjukuu wake akamwamuru atulie asije akapoteza hesabu.

Neno la Pruitt lilikwenda, na chuo kikajibu vizuri. Mzee Nyamweya aliporudi kutoka Nyamache alilalamika wiki nzima kwamba ameenda matanga tu, akarudi kukuta mkewe ana mume wa pili na mwanawe amempata baba mwingine. Akadai alipwe pombe kwa aibu hiyo.

Lakini Zachariah hakuwa ametania. Neno lililotoka halirudi. Jumamosi iliyofuata, kanisani, hakuketi tena benchi moja na Pruitt. Walipokutana njiani alisimama pembeni kumpisha. Mabishano ya chai yakaisha, kwa maana mtu habishani na baba yake kwa vicheko. Pruitt alijaribu kumwita Ndugu, na Zachariah akajibu, "Ndiyo, Tata," macho yakiwa chini. Mpaka alipopanda ndege mwezi wa Mei, daktari hakuacha kumkumbuka rafiki yake wa zamani, ingawa alikuwa amesimama palepale mbele yake. Mokeira aliyaona hayo yote, na hakuweza kumshukuru baba yake kwa maneno, kwa kuwa kushukuru kungekuwa kulitaja jambo lenyewe.

Aliondoka Agosti. Barua yake ya kwanza aliiandika kwa babu, kama ilivyo adabu, na Orpah akaisoma kwa sauti uani. Walikuwa wanne kwenye maiti mmoja, mzee mrefu mwembamba. Wenzake wawili walitapika siku ya kwanza. Yeye alianza na mkono wa kulia, akamsalimu kwanza. Mchana alifungwa kitambaa na kupewa mgongo wa kijana wa Ohio, akamtajia ubavu uliovunjika utotoni, na mwalimu akauliza amejifunzia wapi. Zachariah aliyasikia akiwa upande wa pili wa ukuta, akinoa panga ambalo lilikuwa kali tayari.

Siku ya kuuza majani, kwenye kituo cha chai, watu walipanga vikapu wakimngoja karani wa mizani. Ondieki, mtu wa maneno mengi, akaona ndio wakati wa kumchokoza. Uhuru tumepata juzi, alisema kwa sauti ili wote wasikie, na bado kuna mtu hapa Gesima mwenye mvi, mzee wa kanisa, aliyejitafutia baba mzungu mdogo kuliko yeye. Watu wakacheka, hata karani.

Zachariah alicheka nao. Akashindilia majani kwenye kikapu chake, akajipangusa mikono.

"Mimi baba ninaye nyumbani, Ondieki," alisema. "Ni msichana wangu aliyekosa babu siku hiyo."