Jicho la Banza

Mwanangu, naikumbuka asubuhi moja tulipokuwa tunakaza reli nje kidogo ya stesheni ya Kamina, mimi na rafiki yangu Banza. Nimechoka kuisimulia, lakini wewe umeanza kazi za mikono juzi tu, basi kaa usikie.

Banza aliinama kushika msumari wa reli, nami nikapiga nyundo huku nikitaniana na wapita njia. Nyundo ilikwenda upande. Msumari uliruka, kichwa chake kikampiga Banza jichoni. Damu haikuwa nyingi, na hapo ndipo nilipojidanganya.

"Ndugu, usiambie chef," nilimsihi amfiche msimamizi wetu. "Batanifukuza."

Alikuwa mtu mpole. Hata kwa mkewe, Mama Ngoie, alisema ameanguka na baiskeli. Baada ya siku chache akaniambia taratibu, "Minyi naona weye uko babili." Nikamjibu kuniona wawili kutaisha, jicho litapona. Wiki ya tatu jicho likamuuma hadi akatapika, nami nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza Mama Ngoie ukweli, tukampeleka hospitali.

Daktari wa macho alimulika jicho, akasema, "Kale kakioo ka ndani ya jicho kalikatika, kalianguka nyuma. Shurti tupasue, tukatoshe. Lakini mulingojea nini?"

Mama Ngoie alinigeukia bila kupaza sauti. "Weye uliogopa kazi yako. Jicho ya bwana yangu, hukuiogopea?"

Walimpasua kesho yake, wakakitoa kile kioo. Bandeji ilipofunguliwa aliona mwanga, na kivuli cha mkono wa mkewe. Baadaye akapewa miwani, kioo cha upande ule kinene. Maumivu yaliisha. Lakini presha iliyojaa ndani ya jicho wiki zile ilikuwa imeliharibu, daktari akasema sehemu iliyokufa hairudi.

Na chef? Nilipomweleza alinikaripia, akanirudisha kazini siku ile ile. Kumbe nilichokuwa nakiogopa kilikuwa karipio tu.

Banza alinisamehe mapema. Mimi bado. Hata sasa tukikutana sokoni, anageuza kichwa kizima ili anione.

Basi, mwanangu, jicho likipigwa, hata kama halitoi damu, usingoje lipone lenyewe. Hospitali, siku hiyo hiyo. Na kama mkono uliopiga ni wako, sema kabla hujaulizwa. Mungu akulinde kazini, ayalinde macho yako na ya wenzako, akujalie uzee wenye usingizi mtamu.