Wiki Sita za Tiril

Nilitumwa maktaba kumsaka mwongo, na nikampata kabla ya chakula cha mchana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Sogndal, Norway, mwaka wa ishirini na moja sasa. Wanafunzi wangu wananijua kwa jambo moja: ukiandika kitu bila kusema umekitoa wapi, nakuandikia kwa kalamu nyekundu: "Chanzo?"

Mwaka jana nikaanza shahada ya uzamili. Siku mbili kwa mwezi, walimu watu wazima tupu, kila mtu na mkate wake wa jibini la kahawia kwenye begi.

Siku hiyo akaja mkutubi kutufundisha kutafuta taarifa. Kijana tu, anaitwa Sindre, soksi zake zina picha za pweza. Nikajisemea, huyu naye atanifundisha nini?

"Kila mmoja achague jambo moja analoliamini sana kazini," akasema. "Lifuateni nyuma, tanbihi kwa tanbihi, mpaka mumpate aliyelisema kwanza."

Langu nilikuwa nalo tayari. Mtoto anayeogopa kusoma asome kwa sauti mbele ya darasa kila siku, na hofu itaisha ndani ya wiki sita.

Sikulichagua bure. Darasani nilikuwa na Tiril, miaka minane, ana kigugumizi. Mama yake alishanifuata.

"Mwalimu, nakuomba, asisome mbele ya wenzake. Wanamcheka."

"Mama Tiril, utafiti unasema wiki sita," nikamjibu, tena kwa tabasamu.

Tulikuwa wiki ya tano.

Basi nikaanza msako. Kitabu cha chuo kikanipeleka kwenye makala. Makala ikanipeleka kwenye ripoti ya zamani ya wilaya. Ripoti ikasema: tazama kiambatisho.

Oddvar, mwalimu wa hesabu niliyekaa naye, akacheka. "Dada, hilo mtu kajitungia tu. Mkamate!"

"Namtaka kweli," nikasema. "Watu kama hawa ndio wanaotuharibia watoto."

Sindre akanifungulia kiambatisho. Barua kwa wazazi, ya mwaka 2009. Chini kuna sahihi.

Gunnvor Hauge.

Mimi.

Nikakumbuka kila kitu. Wazazi walikuwa wananisumbua, na likizo ya vuli ilikuwa imebakiza wiki sita. Nikaandika wiki sita. Neno "utafiti" nililiongeza ili waninyamazie.

Oddvar akasoma jina, kicheko kikakatika. Sindre akageuza skrini kidogo ili wengine wasione. Huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikatoka koridoni, nikampigia mama Tiril. Nikamweleza yote bila kupamba.



"Mwalimu, kila asubuhi anatapika," akasema. "Na mimi kila asubuhi namsukuma atoke mlangoni. Namwambia vumilia mwanangu, utafiti unasema."

 

Tiril sasa husoma akitaka mwenyewe. Mara nyingi hataki, na akiniona nimeshika kitabu anaangalia chini.

Ndugu zangu, nyani haoni kundule. Kabla hujamuuliza mtoto kakitoa wapi, jiulize wewe ulichomlisha ulikitoa wapi. Mimi kalamu nyekundu ninayo bado, ila sasa naanza kusahihisha barua zangu mwenyewe.